Maji ya Chumvi kwa Gauni la Syombua

Ndinda aliingia sebuleni kwangu mjini Kitui akiwa amekumbatia mfuko kifuani, kwa namna ile mtu hubeba mtoto aliyelala ambaye hataki kumwamsha. Mama yake, Syombua, alikuwa amefariki siku chache zilizotangulia, nyumbani kwa Ndinda huko Kanyangi, na angezikwa Kalamba kando ya mumewe. Sikuhitaji kuuliza kilichomo mfukoni. "Mwalimu," akasema, "mama aliagiza azikwe na hili. Akaagiza pia lisiguswe na fundi mwingine ila wewe." Kisha akatazama sakafu na kuongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya marehemu: "Alikonda sana mwishoni. Litamzidi." Nikaondoa vikombe mezani, nikalitandaza gauni. Ndege wa rangi ya chungwa walikuwa bado wamesimama juu ya samawati iliyokolea, wote vichwa juu, mbele na nyuma, na kigwe cha uzi wa kusokotwa kilikuwa bado kimezunguka shingo, mabega na mikono bila kulegea mahali popote. Nimefundisha kwa miongo mitatu. Nimesoma vitabu vingi kuliko vinavyoweza kutoshea katika nyumba hii, na nimehutubia wazazi katika sherehe nyingi za shule kuhusu bidii na uadilifu. Lakini kama ningetakiwa kuonyesha kazi moja ya mikono na akili yangu bila kuona haya, ningeonyesha gauni hilo. Nililishona nikiwa msichana ambaye hata mkasi ulikuwa haujamzoea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwaka wa ukame. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa Kalamba kuishi na Mama Mumo, mshonaji wa nguo, kwa sababu za kifamilia ambazo hazimfai msomaji kitu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati kilichotazama soko. Cherehani ya kukanyaga ilikaa karibu na mlango ili ipate mwanga. Nyuma yake palikuwa na meza ya kukatia, pasi ya makaa, na benchi ambalo wateja walilikalia kwa muda mrefu kuliko kazi yao ilivyohitaji. Hewa ya chumba kile ilikuwa ya mafuta ya mashine, makaa na pamba iliyounguzwa kidogo. Tulilala katika chumba cha nyuma na kupika uani. Mwaka huo tulikula muthokoi wa mahindi ya manjano ya msaada, ambayo hata baada ya kukobolewa na kuchemshwa kutwa nzima yalikuwa na harufu ya gunia, na tukanywa chai isiyo na maziwa. Mama Mumo alikuwa akibariki chakula hicho kwa sala ndefu, kisha akifumbua macho na kusema, "Bwana ameona. Sasa tumeze upesi kabla ulimi haujaona." Alikuwa mjane mnene, mkali, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi, na hiyo ndiyo sababu alinihitaji.

Alikuwa na sheria ambazo hakuziandika popote. Hukati kitambaa ukiwa na hasira. Hupimi mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake. Na hukati kitambaa kipya kabla hakijaloweshwa, kwa maana kitambaa kipya ni kama mchumba: wanga wa dukani humfanya asimame wima, lakini hujui urefu wake wa kweli mpaka apatwe na maji. Kwa kuwa maji hayakuwa kitu cha kugawa, desturi ya Kalamba ilikuwa kwamba mteja huja na kitambaa na mtungi wake wa maji. Mwaka ule desturi hiyo ilivunjika. Wanawake waliokuwa wakichimba mchanga wa mto hadi mabegani ili wapate kikombe cha maji yenye tope walimtazama Mama Mumo kama mtu aliyerukwa na akili. Wanawake wa ushirika wa kanisa walipoleta kitambaa cha buluu ili washonewe vitambaa vipya vya kichwa, mwenyekiti wao alisema mbele yangu, "Mama Mumo, watoto wananywa matope, na wewe unataka tuogeshe nguo? Hata Mungu atacheka." Mama Mumo akabishana nao kidogo, kisha akashindwa. Akavikata vikavu. Nilimwona akivikunja pindo huku ameuma midomo, kama mtu anayetia sahihi hati asiyoikubali.

Vitambaa hivyo vilikuwa vya harusi ya Syombua. Yafaa nieleze harusi hiyo, kwa sababu vijana wa leo huiona ndoa kama jambo la mchana mmoja na picha. Syombua na Kilonzo walikuwa wameishi pamoja mpaka wakapata mjukuu, lakini Kilonzo hakuwa amekamilisha kupeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa mkewe. Kwetu Ukambani, bila mbuzi hao mwanamke si mke wa mtu, hata akizeekea jikoni kwake. Na kanisa halikukubali kubariki ndoa ambayo wazazi hawakuitambua. Basi kila Jumapili ya Meza ya Bwana, Syombua aliketi kwenye benchi la mwisho pamoja na wasichana wadogo, akitazama kikombe kikipita. Hakuacha kuja. Vyondo vilivyokusanyia sadaka kanisani humo alivisuka yeye, na kila Jumapili vilipita mbele yake kwa mikono ya watu walioruhusiwa kile ambacho yeye hakuruhusiwa. Ukame ndio uliomwamsha Kilonzo. Mbuzi wake walipoanza kukonda, aliwaswaga haraka hadi kwa wakwe zake, na nilimsikia mwenyewe akisema pale dukani, akifuta jasho, "Mama Mumo, hawa wangenifia zizini, ningekuwa nimejilia mahari yangu mwenyewe kama fisi." Mama Mumo akamjibu, "Umechelewa, Baba Ndinda, lakini fisi angechelewa zaidi." Wakacheka wote wawili. Syombua, aliyekuwa ameketi benchini, hakucheka. Alikuwa ameshika kitenge kilichofungwa kwa gazeti, alicholetewa na mwanawe kutoka Mombasa, na alikuwa akikipapasa kama anayehakikisha hakijaondoka.

Alichotaka kilikuwa wazi, na alikieleza mara moja tu. Kanisa lilikuwa na kanuni kwamba bibi harusi aliyekwisha kuzaa havai nyeupe wala shela. Syombua hakuilalamikia kanuni hiyo. Alisema tu, "Watanitazama nikipita katikati. Wamenipa mgongo miaka yote hii. Siku hiyo sitaki wapate cha kunong'ona." Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa Mama Mumo alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mkono utakaokata ni wangu. "Wewe mtoto, unaweza?" Niliitikia kwamba naweza. Lilikuwa jibu la kiburi, nami silijutii. Kuna kazi ambazo mtu hazianzi kamwe akingoja kwanza unyenyekevu wake utosheke. Tulipokifungua kitenge, Mama Mumo alinionyesha tatizo la kwanza kwa kidole. Ndege wale walielekea upande mmoja. Fundi mvivu angekikunja kitambaa mara mbili na kukata, naye bibi harusi angekuwa na ndege waliosimama kifuani na ndege walioning'inia mgongoni. "Ndege akiwa kichwa chini," akasema, "huyo anapelekwa kupikwa. Kanisani hatuendi na kitoweo." Kukata vizuri kulimaanisha kutumia kitambaa kingi zaidi, na kitambaa kilikuwa kinatosha kwa shida.

Shida ya pili ilikuja ikiwa imevaa koti. Mzee Yohana, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu mwadilifu kwa kipimo chochote, alipita dukani akakuta lesi nyeupe ambayo Syombua alikuwa amenunua Kitui kwa ajili ya shingo na mikono. Aliishika kwa vidole viwili. "Hii ni rangi gani?" Mama Mumo akasema, "Mzee, hiyo ni lesi." "Sikuuliza ni nini. Nimeuliza rangi." "Ni nyeupe, Mzee," nikasema mimi. "Basi mtoto ameona," akasema, akairudisha mezani kwa upole, akaenda zake. Wapo watakaosoma haya na kumwita katili. Sikubaliani nao. Kanuni isiyomfikia mtu anayependwa si kanuni, na Mzee Yohana alimpenda Syombua. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amemkopesha Kilonzo siku za kulima. Nilichojifunza siku hiyo si kwamba sheria ni mbaya. Nilijifunza kwamba heshima yenye nguvu ni ile inayopatikana ndani ya sheria, pale ambapo mwenye kuitafuta hana upenyo wa kukwepa. Syombua aliikunja lesi, akaitia kwenye kiondo chake, akasema, "Itafaa mtoto wa mtu mwingine."

Ilibaki kulowesha. Syombua, kama wengine, alikuja bila maji, na Mama Mumo, aliyekwisha kushindwa mara moja, alikuwa tayari kushindwa tena. Mimi nilikataa. Nyuma ya soko kulikuwa na kisima cha pampu ambacho maji yake yalikuwa machungu kwa chumvi kiasi kwamba punda aliyapelekea mdomo na kuurudisha. Watu waliyatumia kukandia udongo tu. Nami nilikuwa nimesoma shuleni, katika somo la sayansi ya nyumbani, kwamba nguo ya rangi hufuliwa kwa maji yaliyotiwa chumvi ili rangi isikimbie. Nilipolisema hilo Mama Mumo aliacha kukanyaga cherehani. "Kitabu hicho kiliwahi kunywa maji ya Kalamba?" Nikasema hakikuwahi. "Basi kikanywe kwanza kipande kidogo." Tukakata ncha ya kitenge, upana wa vidole vitatu, tukaitia katika kopo la maji ya pampu. Maji yakawa kama wino. Tukamwaga, tukatia mengine; yakawa mepesi. Tukatia mengine tena, na safari hii yakabaki meupe, na ndege wa kwenye ncha ile akawa bado amesimama, wa chungwa vilevile. Mama Mumo aliigeuzageuza ncha ile juani. "Haya," akasema. "Kiogeshe chote. Lakini kikifa, tutakizika wawili."

Hakikufa, ila kilirudi nyuma. Kilipokauka kwenye kamba na nikakipima, nilikipima mara ya pili: kilikuwa kimepungua kiasi kwamba ndege wote wakisimama wima, mikono ya gauni haingepatikana. Syombua alikuja jioni hiyo. Aliuona upungufu kabla sijafungua kinywa, kwa sababu mwanamke anayesuka vyondo hupima kwa jicho. Na kwa kuwa katika nchi hii fundi hushukiwa kula kitambaa kama paka anavyoshukiwa maziwa, alisema neno lililomkata Mama Mumo kuliko mkasi: "Kipande changu kingine kiko wapi?" Mama Mumo akasimama. Nilidhani angempiga. "Syombua. Mimi nimekula muthokoi wa gunia mwaka huu, lakini kitenge cha mtu sijala. Kimepungua majini. Na afadhali kimepungua mikononi mwetu kuliko mwilini mwako, mbele ya mchungaji." "Mvua iko wapi ya kukilowesha mwilini mwangu?" Syombua akauliza kwa sauti ya juu, na walio nje wakageuka. "Tangu lini mmeona mvua?" Akaketi benchini. Mikono yake, kama ilivyokuwa desturi yake alipofadhaika, ilitoa nyuzi za pamba kutoka kwenye kiondo chake na kuanza kuzisokota pajani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila yeye kutazama.

Mimi nilitazama. Uzi ule alikuwa ameuchemsha na magome ya miti, ukawa wa rangi ya udongo mwekundu, karibu sana na ile chungwa ya ndege. Ulitoka chini ya kiganja chake ukiwa umekazwa, mnene kama shina la mtama mchanga, laini usiochoma shingo. Nikaona gauni lote kwa mara moja, jambo ambalo limenitokea mara chache sana maishani. Mabaki yangeunganishwa. Mabega na mikono vingetoka katika vipande vidogo, kila ndege akiwa wima, na juu ya kila kiungo kingepita kigwe hicho, ili mahali palipokuwa na aibu ya umaskini wa kitambaa pawe ndipo palipopambwa zaidi. Nilipoeleza, Syombua aliacha kusokota. "Kigwe cha kiondo? Juu ya gauni la harusi?" "Hicho hicho." Mama Mumo alichukua uzi, akauvuta, akaunusa. "Nacho kiogeshwe," akasema. "Uzi huu ukirudi nyuma baada ya kushonwa, utaikunja shingo ya gauni kama ya kuku aliyenyonyolewa." Basi Syombua alikwenda nyumbani kusokota, akaleta mviringo mkubwa wa kigwe, nacho kikalala ndani ya maji ya chumvi mpaka kikatoa kila kilichotaka kutoka. Nilipiga bandi kwa mkono kwanza, nikafumua, nikapiga tena. Kulikuwa na kona moja chini ya kwapa la kushoto ambako ndege wawili walikutana midomo. Niliifumua mpaka Mama Mumo akasema kitambaa kitaomba kurudi Mombasa. Mzee Yohana alipopita tena, akainama juu ya kigwe na kuuliza, "Na hii?" Syombua, aliyekuwa amekuja kujaribu, alijibu kwa upole uliokuwa na mfupa ndani: "Ni ya kiondo, Mzee. Kama vile mnavyotilia sadaka." Yule mzee alipitisha kidole juu ya kigwe. Kisha akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Ni kazi safi," akatoka.

Siku ya harusi kulikuwa na mawingu, lakini tulikuwa tumekwisha kudanganywa na mawingu mwaka mzima. Syombua alipita katikati ya kanisa akiwa wima, nami niliketi nikisikiliza kwa masikio yote mawili, kwa maana nilijua kwamba hukumu ya kazi yangu ingekuja kwa kunong'ona. Nilisikia tu mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Aiya! Tazama bega lile," na mwenzake akasema, "Nyamaza, natazama." Walipofika kwenye viapo, matone yaligonga bati la paa mara moja, mara mbili, kisha bati likanguruma kote. Mchungaji alipaza sauti, akashindwa, akacheka, akawauliza kwa ishara ya kidole, nao wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyesikia kiapo kile, wala sijapata kuona kiapo kilichoshuhudiwa na watu wengi zaidi. Ibada ilipokwisha hakuna aliyejikinga. Watu wazima walitoka nje na kusimama uwanjani nyuso juu, vinywa wazi. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba Syombua, aliyezaliwa msimu wa mvua na kupewa jina la mvua, ameileta mwenyewe. Wanawake wa ushirika walipiga vigelegele, wakiwa na blauzi zao nyeupe na vile vitambaa vipya vya kichwa vilivyokatwa vikavu.

Ndipo buluu ilipoanza kushuka. Ilishuka kwanza nyuma ya masikio, kisha mashavuni, kisha ikatandaa kwenye blauzi zile nyeupe. "Yesu wangu," akasema mwenyekiti akitazama viganja vyake, "nimekuwa anga!" Walipokumbatiana walipakana, na walipogundua kwamba wanapakana walikumbatiana zaidi, na Mzee Yohana, aliyekumbatiwa na mkewe mbele ya kanisa zima, akabaki na alama ya buluu ya kichwa kwenye bega la shati lake jeupe. Katikati yao wote alisimama Syombua. Alikuwa amenyoosha mikono mbali na mwili, kama mtu anayengoja kuaibishwa, na macho yake yalikuwa kwenye pindo. Pindo halikupanda. Shingo haikujikunja. Aliushika mkono wa gauni, akaukamua taratibu, na maji yakamdondokea kiganjani yakiwa maji tu. Akanitafuta kwa macho katika umati ule. Hakutabasamu, alinionyesha kiganja. Mama Mumo, aliyekuwa kando yangu akiwa na michirizi ya buluu mpaka kidevuni kutokana na kitambaa alichokishona mwenyewe, alicheka mpaka akanishika bega asianguke. "Mwende," akasema, "tazama vizuri, usisahau. Katika kanisa hili lote, mtu asiye na doa ni yule aliyekatazwa nyeupe."

Sikusahau. Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, Syombua aliketi benchi la mbele akiwa na gauni lilelile, na kikombe kilipomfikia hakikupita. Nimewaambia wanafunzi wangu habari hiyo mara nyingi, si ili wapende kushona, bali ili waelewe kwamba uaminifu wa kazi hufanywa wakati wa kiangazi, wakati ambapo hakuna anayeamini kwamba mvua itakuja kuipima. Wengi wao hunisikiliza kwa adabu, wakiwa wamevaa nguo zilizoshonwa na watu wasiowajua kwa ajili ya watu wasiowajua. Siwalaumu sana. Lakini huwasikitikia, kwa maana hawajui ni nini kusimama katika umati na kuona kazi yako ikitembea.

Ndinda aliniuliza kama ningekata pande zote mbili ili gauni limtoshe mama yake. Nikamwambia kwamba sitakata kitu. Nilifanya mikunjo miwili mgongoni, mahali ambapo jeneza lingeificha, kwa mishono mirefu ya mkono, na kigwe sikukigusa, wala ndege yeyote sikumwinamisha. Kisha, kwa kuwa lilikuwa limekaa sandukuni, nililitia katika beseni la maji ya mfereji, maji matamu ambayo halikuwahi kuloweshwa kwayo kwa mkono wangu. Ndinda alisimama mlangoni akitazama. Nililiinua, nikalikamua kidogo, nikalianika kivulini. Tukainama sote wawili juu ya beseni. Maji yalikuwa safi, na kitako chake kilionekana mpaka mkwaruzo wa mwisho. Nikalibeba nje, nikayamwagia maji yale mche wa mpapai, polepole, ili tone lisipotee.